Pete za Superman: Kwa Nini Magemu ya Masupahiro Hutuangusha

Ndugu watengenezaji wa magemu, na ninyi wachezaji mliokuja kusikiliza,

Nimeombwa nizungumzie magemu ya masupahiro, na nimeombwa pia nisiwe mkali. Nitajitahidi. Lakini mtu anayekipenda kitu ana haki ya kukigombeza kidogo, na magemu haya nayapenda kweli. Ndiyo maana yananiudhi.

Nianze na lile ambalo kila anayezungumzia jambo hili hana budi kulitaja. Mwaka 1999 kampuni ya Titus ilitoa gemu la Superman kwenye Nintendo 64. Unawasha mashine, unakuwa Superman: mtu anayeruka angani, anayeinua magari, asiyeingiwa na risasi. Halafu kazi yako ya kwanza ni ipi? Kupita katikati ya pete. Zimetundikwa hewani, moja baada ya nyingine, na saa inakimbia. Ukishindwa unarudia. Jiji lenyewe limefunikwa na ukungu mzito kwa sababu majengo ya mbali yalikuwa hayachoreki, na hadithi ikatafuta kisingizio: eti hili ni jiji la bandia alilolitengeneza adui yake Lex Luthor, na huo ni ukungu wa kryptonite, madini yanayomdhoofisha Superman.

Watu wamelicheka gemu hilo kwa robo karne sasa. Nadhani tumekuwa tukicheka mahali pasipo. Ukungu ulikuwa shida ya mashine. Padi ya kuchezea kutotii ilikuwa shida ya ufundi. Kosa lenyewe ni zile pete. Kuna mtu mahali fulani aliulizwa, "Superman afanye nini?" Akakosa jibu, akatundika pete.

Na swali hilo mpaka leo wengi hawajalijibu. Picha zimekuwa nzuri ajabu, nywele moja moja zinaonekana, mvua inamdondokea shujaa begani hadi unataka kumpa taulo. Lakini ukiangalia anachofanya mchezaji kwa mikono yake, mara nyingi bado anapita kwenye pete. Siku hizi zinaitwa misheni za pembeni, kazi ndogondogo nje ya hadithi kuu.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba watengenezaji wamejua siku nyingi jinsi ya kumpa mchezaji nguvu. Wasichokijua ni kumpa kazi inayostahili nguvu hizo. Na wanaposhindwa kuipata kazi hiyo, huzipunguza nguvu zenyewe kimyakimya, wakidhani hatutagundua.

Ukitaka kuona zinavyopunguzwa, tazama ngumi. Magemu tangu enzi za mashine za kutia sarafu yamejengwa juu ya mwili wa mchezaji: una uhai, adui anaupunguza, ukiisha umekufa. Kwa askari hilo linaingia akilini. Kwa mtu wa upanga vilevile. Sasa mlete mtu anayeweza kunyanyua kifaru cha kivita. Fundi anakuna kichwa. Adui wa kawaida akipigwa ngumi moja na mtu huyu anatakiwa asionekane tena, na hapo gemu litaisha kabla ya chai. Kwa hiyo jambazi wa mtaani, aliyevaa koti na kofia ya sufu, anapigwa ngumi sita na bado amesimama anakutukana. Hapo shujaa ameshakufa. Tunachocheza ni mtu wa kawaida aliyevaa nguo za kubana.

Mfano mkubwa wa karibuni ni gemu la Marvel's Avengers, la Crystal Dynamics, lililotolewa na Square Enix Septemba 2020. Niwe mkweli: sehemu ya hadithi inayomfuata Kamala Khan, msichana anayewaabudu mashujaa hawa kisha anajikuta amesimama katikati yao, imeandikwa kwa moyo. Ungeishia hapo ungeondoka umeridhika. Lakini gemu liliundwa lisiishe. Lilikusudiwa liwe la kudumu, uingie mtandaoni kila siku na wenzako, upige maroboti yaleyale ya A.I.M., kundi la maadui wa hadithi hiyo, ndani ya vyumba vilevile vya chuma, upate kifaa chenye namba kubwa kidogo kuliko kile ulichovaa jana. Thor anabadilisha kifaa ili apande namba! Mungu wa radi amegeuzwa karani wa stoo. Mwaka uliofuata wakaanza kuuza kwa pesa halisi vitu vya kuharakisha kupanda daraja, wachezaji wakapiga kelele, vikaondolewa. Septemba 2023 gemu lilifungiwa huduma na kuondolewa madukani. Miaka mitatu, nguvu za soda.

Yanayoumiza zaidi ni ya studio ya Rocksteady, maana hao walikuwa wanajua. Baada ya Batman: Arkham Knight ya 2015 tulisubiri gemu lao kubwa lililofuata mpaka Februari 2024, nalo likawa Suicide Squad: Kill the Justice League. Wahusika wanne, kila mmoja na tabia yake kwenye hadithi: Harley Quinn, Deadshot, Captain Boomerang, King Shark. Uandishi wa maongezi yao unachekesha. Kisha unashika padi, na wote wanne wanashika bunduki. King Shark ni papa, jamani. Ana meno. Mnampa bunduki ya nini? Anafyatua madoa ya zambarau yanayong'aa kwenye miili ya maadui, sawa na mwenzake mwenye boomerang, ambaye silaha yake imo ndani ya jina lake na bado naye amebebeshwa bunduki. Warner Bros. Discovery, kampuni inayoimiliki studio hiyo, yenyewe ilikiri kwamba gemu hilo liliiathiri kwa takriban dola milioni 200.

Nasema walikuwa wanajua kwa sababu ya kazi yao ya 2009, Batman: Arkham Asylum. Naomba mnivumilie hapa, nitakaa kidogo.

Maelezo yanayotolewa kila siku ni kwamba gemu lile lilifaulu kwa kuwa Batman ni binadamu. Hana nguvu za ajabu, kwa hiyo ni rahisi kumtengenezea. Maelezo hayo ni ya uvivu. Mashujaa wa kibinadamu wana magemu mabovu tele, na Batman mwenyewe akiwa nayo kabla ya hapo.

Kumbukeni vile vyumba vya kuwinda. Unaingia kwenye ukumbi mrefu, uko juu, umechuchumaa kwenye sanamu la jiwe karibu na dari. Chini kuna watu sita wenye bunduki. Ukiruka katikati yao umekwisha, risasi hazina mchezo. Unabonyeza kitufe cha macho ya upelelezi, na kila mtu anaonekana kama mifupa inayotembea, pembeni pameandikwa hali yake: ametulia. Unamsubiri mmoja apite chini yako, unamvuta juu, unamwacha akining'inia miguu juu. Anapiga yowe. Wenzake wanakuja mbio, wanamwona, na sasa maandishi yamebadilika: ana wasiwasi. Joker, adui mkuu wa Batman, anawakejeli kwenye spika. Wanaanza kutembea wawili wawili, wanageuka ghafla, mmoja anafyatulia risasi giza tupu. Anapobaki wa mwisho, anasomeka: ameingiwa na hofu kuu. Anazunguka peke yake, pumzi inasikika.

Kinachopimwa pale ni nini? Uhai wako hujautazama kwa dakika kumi. Unatazama hofu yao. Rocksteady walikihamisha kipimo kutoka kwenye mwili wa shujaa wakakiweka kwenye vichwa vya maadui, na kwa kuwa Batman kazi yake ni kutisha, ghafla mchezaji akawa na kazi ya Batman. Hata kupigana kwao kulikuwa hivyohivyo: kitufe kimoja cha kupiga, kimoja cha kukinga, alama inametameta juu ya kichwa cha anayetaka kukuvamia. Kushinda ilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kushinda bila kuguswa, kwa mtiririko, kama mtu anayejua anachofanya. (Macho yale ya upelelezi yalikuwa na dosari yake: wengi tuliyawasha tukayasahau, tukamaliza gemu zuri namna ile tukitazama mifupa ya buluu.)

Jambo la pili walilolipatia ni udogo. Kisiwa kimoja, hospitali moja ya wagonjwa wa akili, usiku mmoja. Unakijua kila kichochoro. Kila walipoongeza ukubwa kwenye magemu yaliyofuata walipata kitu na kupoteza kitu, na Arkham Knight ikafikia mahali ambapo ili uone mwisho kamili wa hadithi unatakiwa ukusanye vitu vyote 243 vya Riddler, mhalifu wa mafumbo. Hebu fikiria. Mhalifu Scarecrow ametishia kuuangamiza mji, raia wamehamishwa, na Batman yuko juu ya paa anatatua mafumbo. Mji unamsubiri. Scarecrow naye anasubiri, muungwana kabisa.

Kusubiri huko ndiko ninakokuona kuwa ugonjwa wenyewe.

Swali linaloyabeba masimulizi ya mashujaa si kama shujaa atapigika. Tunajua atashinda. Swali ni kwamba yuko mmoja na wanaomwita ni wengi. Akienda kushoto, kulia kuna mtu atakufa. Akiokoa treni, amekosa harusi ya dada yake. Nguvu zote zile haziwezi kumweka mahali pawili kwa wakati mmoja, na hata Superman, ambaye hana anayemweza, hana jibu la hilo. Magemu yana saa, yana ramani, yana mchezaji anayeamua; yangeweza kulionyesha jambo hili vizuri kuliko filamu yoyote. Badala yake yanatupa jiji ambamo uhalifu ni alama kwenye ramani, na alama hiyo itakaa pale mpaka utakapomaliza kupiga picha za machweo.

Haina maana kwamba haijawahi kufanyika. Imefanyika, ila na watu wasio na mashujaa. Mwaka 2000 Nintendo walitoa The Legend of Zelda: Majora's Mask, ambamo mwezi unaangukia mji ndani ya siku tatu, na kila mkazi ana ratiba yake: huyu anampoteza mchumba, yule anaibiwa, na ukiwa kwa mmoja hauko kwa mwingine. Mwaka 2006 Capcom wakatoa Dead Rising: jengo la maduka, mazombi, saa 72, na manusura wanaopiga kelele pande zote. Huwafikii wote. Unachagua, na uliyemwacha unajua kabisa kuwa umemwacha. Mhusika wake, mwandishi wa habari mwenye kamera tu, ana mzigo wa kishujaa kumzidi Spider-Man!

Na Spider-Man nampenda, msinielewe vibaya. Tena yeye ndiye anayetuonyesha jinsi nguvu inavyotakiwa kushikika mkononi. Kwenye gemu la 2002 lililofuata filamu ya kwanza, utando wake ulikuwa unanata angani, hewani tu. Mwaka 2004, kwenye Spider-Man 2, Treyarch wakaamua utando ushike jengo halisi. Tofauti hiyo ndogo ilibadilisha kila kitu. Sasa kona ina maana. Urefu wa ghorofa una maana. Ukiachia mapema unapoteza kasi, ukichelewa unajibamiza ukutani, na penye majengo mafupi unaburuzika karibu na lami. Watu walibembea masaa bila misheni yoyote. Lilikuwa gemu la filamu, lilitoka kwa ratiba ya filamu, na bado mtu aliyejali jambo moja akalifanya vizuri.

Humohumo kulikuwa na mtoto analia kwa sababu puto lake limeponyoka. Wachezaji wamelikejeli puto hilo miaka yote, hasa kwa kuwa mtoto alirudi na sauti ileile kila mara. Mimi nalitetea. Kurudia kulikuwa uzembe, lakini wazo lilikuwa sahihi kuliko robo tatu ya mapigano ya kwenye paa: mtu mwenye nguvu za kupasua ukuta anasimama kwa ajili ya puto. Huyo ndiye Spider-Man. Ingekuwapo simu ya polisi inayoita wakati huohuo, lingekuwa gemu kamili.

Nije kwa studio ya Insomniac na Marvel's Spider-Man ya 2018. Ambaye hajaimaliza azibe masikio. Mwishoni Peter ana dawa mkononi. Shangazi yake May anakufa kitandani, na dawa hiyohiyo inahitajika ili itengenezwe ya kutosha mji mzima. Ndilo swali la kishujaa lenyewe, limewekwa mezani safi kabisa. Na wakati huo wewe mchezaji unafanya nini? Padi iko kwenye mapaja, unatazama. Masaa ishirini umeaminiwa kuchagua suti, kuchagua rangi, kuchagua kifaa. Uamuzi mmoja wenye uzito ukafanywa bila wewe. Nililia, sikatai, ila nililia kama mtazamaji wa filamu.

Studio ya Telltale, waliokuwa na bajeti ndogo na uhuishaji uliokwama-kwama, walithubutu zaidi. Kwenye Batman yao ya 2016 kuna shambulio ukumbini, na una nafasi ya kumkimbilia mmoja: Harvey Dent au Selina Kyle. Kila anayemjua Harvey anajua uso wake unatakiwa uishie wapi: nusu umeharibika, naye amekuwa mhalifu Two-Face. Ukimkimbilia yeye, uso unapona. Akili yake ni habari nyingine. Sikumbuki ngumi hata moja ya gemu lile, lakini ukumbi ule naukumbuka.

Kuhusu Superman mwenyewe, dawa yake ilishaguswa mara mbili. Mwaka 2006 EA walitoa Superman Returns ambamo yeye haumii kabisa. Anayeumia ni Metropolis, jiji ndilo lenye mstari wa uhai. Wazo la dhahabu! Kisha wakalijaza maroboti ya kupigwa ngumi, na bosi wa mwisho, yaani adui wa kumalizia gemu, akawa kimbunga. Kosa lao ni kwamba jiji lilibaki mstari tu juu ya skrini. Mstari haulii, hauna jina. Mwaka 2017 likaja Megaton Rainfall, gemu dogo la kujitegemea: huwezi kufa, lakini ukikosea shabaha ni wewe unayeangusha ghorofa lenye watu, na vifo vikizidi umeshindwa. Mara ya kwanza unapofyatua na kukosa, halafu unaona jengo linainama, mkono unakuwa mzito wenyewe kufyatua. Hakuna aliyekupunguzia nguvu. Umejipunguzia mwenyewe kwa kuogopa.

Najua wenzangu wa upande wa biashara wamechoka kunisikiliza, kwa hiyo nitapita haraka. Ndiyo, tarehe ya filamu imeua magemu mengi. Iron Man ya Sega ilitoka Mei 2008 pamoja na filamu yake, na filamu ndiyo inayokumbukwa. Ndiyo, ubora hauuzi kila mara: Guardians of the Galaxy ya Eidos-Montréal mwaka 2021 ilisifiwa, na Square Enix wakasema mauzo hayakufika walipotarajia. Nadhani wanunuzi walikuwa bado wana kidonda cha Avengers. Na bajeti za sasa ni kubwa kiasi kwamba hakuna mkurugenzi anayetaka kujaribu. Warner waliwapa studio yao ya Monolith kazi ya kutengeneza gemu la Wonder Woman, watu walewale waliobuni mwaka 2014, kwenye Middle-earth: Shadow of Mordor, mfumo wa maadui wanaokukumbuka: anayekuua anapanda cheo, mkikutana tena anakukumbusha kovu ulilomwachia. Kwa mashujaa, ambao nusu ya maisha yao ni uhasama na mtu mmoja, ungefaa kuliko popote. Februari 2025 Wonder Woman ikafutwa na studio ikafungwa. Mfumo wenyewe una hataza iliyotolewa 2021. Umefungiwa kabatini, na waliojua kuutumia wametawanyika.

Kwa hiyo sitawaambia mngoje makampuni makubwa. Wengi wenu hapa mnafanya kazi wawili, watatu, kwa kompyuta moja. Hamna haki za kumtumia Superman, na afadhali; tungeni wenu. Msianze na jiji. Anzeni na jengo moja la ghorofa, usiku mmoja, watu kumi na wawili wenye majina na saa zao za kulala. Shujaa wenu awe na nguvu moja tu, lakini iwe kamili, isipungue hata chembe mpaka mwisho. Kama ni mbio, awe na mbio kweli. Kama anasikia minong'ono ukutani, asikie yote, hata asiyotaka. Kisha wawekeeni watu hao matatizo yanayoanza yenyewe kwa saa yake, mchezaji awepo asiwepo, na mhakikishe kwamba hata anayecheza vizuri kupindukia hawezi kuyafikia yote.

Mkimaliza, mpeni mtu asiyewajua acheze, mkae nyuma yake kimya. Msimuulize kama picha ni nzuri. Muulizeni ni nani hakumfikia. Akilitaja jina, endeleeni kutengeneza. Akisema "yule wa ghorofa ya tatu, sijui nani", bado mna pete. Fumueni muanze upya.

Nimemaliza yangu. Kipaza sauti kipo pale mbele, na nimeona kuna ndugu wa Suicide Squad amenuna tangu katikati. Njoo uanze wewe.